Nikikuflash, Usinijibu

Kwako Mercy,

Salamu nitakupa nusu tu, kwa sababu asubuhi tumekunywa chai pamoja na saa hii uko saluni pale chini unasukwa nywele ya kwenda nayo Nairobi. Najua uko mzima. Mimi pia niko mzima isipokuwa mgongo, na huo mgongo unaujua.

Utajiuliza mbona Mum anaandika barua na ako na mdomo. Na si mdomo ya kawaida, hii ni mdomo inaweza kuuzia viazi mtu ametoka kununua viazi. Nimeandika kwa sababu barua haipigi kelele. Nitaiweka kwa begi yako, uisome ukitaka, ama uiwache mpaka Jumapili, na haitaanza kutetemeka huko ndani ikikuuliza mbona hujaisoma. Halafu haya maneno nikijaribu kukuambia kwa mdomo nitatia mzaha katikati, wewe ucheke, mimi nicheke, na yaishie hapo. Makosa ya kuandika usihesabu. Mimi niliachia darasa la tano na hakuna mwalimu alilia.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri, ya kuchemsha maji, sitaandika. Hayo nitakuambia kesho ukifunga begi, na wewe utasema "Mum, nimesikia," vile husema ukiwa hujasikia.

Mimi nataka tuongee juu ya simu.

Kesho unaenda kwa kazi ya kujaribiwa. Mpwa wa Mzee Jayesh wa hardware amesema watakuangalia miezi tatu, wakiona unatengeneza programu na inamalizika vizuri, wanakuandika. Wasipoona hivyo unarudi hapa Kiamunyi na begi yako. Mimi sina wasiwasi na kichwa yako. Hiyo kichwa najua imetoka wapi, ni kwa baba yako, mimi nilichangia tu mdomo. Kile naogopa kinaweza kukurudisha nyumbani ni mimi mwenyewe, na simu yangu. Wacha nikueleze vile nimekuja kujua hivyo.

Unajua simu ndio jembe yangu. Kabla nipate simu nilikuwa napanda gari kwenda Kuresoi bila kujua kama naenda kupata viazi ama naenda kuangalia matope. Nafika kwa Mama Chelagat, namkuta amekaa kwa mlango wa stoo, ananiangalia na huruma. "Mama Mercy, ungekuja jana." Jana imeenda na lori ya mtu wa Kisumu. Nakunywa maziwa yake ya mursik, nashukuru, narudi Nakuru na magunia tupu kama mtu ameenda kutembea. Siku nilipata simu hiyo maneno iliisha. Nampigia, namuuliza viazi iko? Ananiambia iko, lakini kuna mwanaume amesimama hapa anaiangalia na macho mbaya. Namwambia, mwambie huyo mwanaume Mama Mercy ako karibu kufika, na mimi niko hapa jikoni na leso nakoroga uji. Biashara imeisha.

Kwa hivyo kwa kichwa yangu, simu ikilia ni kazi imelia. Mtu mwenye simu yake inalia siku nzima ni mtu wa maana. Mwenye simu imenyamaza, huyo pengine amelala. Sikuwahi kufikiria kuna kazi ingine chini ya jua haiko hivyo.

Ndio maana vile nilienda kwa hardware ya Mzee Jayesh, kupeleka viazi za nyumba yake kwa mlango wa nyuma kama kawaida, nikamkuta anagombana na karani wa stoo juu ya misumari, mimi nikaingilia. Hiyo siku sikuwahi kukuambia yote. Mzee alikuwa anasema kila siku hajui ako na nini na nini imeisha, mteja anaitisha bati, anaambiwa iko, inatafutwa, haiko. Nikamwambia, "Mzee, mimi niko na msichana anatengeneza kitu ya kumaliza hiyo shida."

"Kitu gani?"

"Programu." Nilikuwa nimesikia wewe ukisema hiyo neno. Mtu angeniuliza programu inakaa aje, ningesema iko na magurudumu.

Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Mama Mercy, wewe nauza viazi. Sasa programu natoa wapi?"

"Viazi natoa Kuresoi, Mzee, na programu natoa kwa nyumba yangu. Hakuna iliyooza."

Akacheka mpaka karani akapata nafasi ya kutoroka. Na hapo ndio nilikupatia kazi yako ya kwanza, bila kukuuliza, na hapo hapo nikaanza kuiharibu. Kwa sababu nilimwachia nambari yako na nikamwambia, "Piga saa yoyote, Mzee. Akikula, piga. Akiwa kanisani, piga. Huyu msichana ni wa kazi." Nilitoka hapo nikitembea kama mtu amefungulia mtoto wake mlango. Kumbe mlango yenyewe nimeing'oa.

Wewe unajua ile ilifuata kuliko mimi. Mzee alipiga simu kuuliza kama programu inaweza kuwa na rangi ya kijani. Akapiga kuuliza kama umeshaweka kijani. Akapiga kusema bibi yake anapenda bluu. Karani naye alipata nambari, akawa anapiga kuuliza kama hiyo programu itamfuta kazi, na ukimwambia haitamfuta anapiga tena kesho kuuliza kama una uhakika. Marafiki zako wa college nao, na ile chat yenu ya simu, tik, tik, tik, kama kuku anadonoa bati.

Na juu ya hao wote, mimi. Nikifika Molo, nakuflash, simu inalia mara moja nakata. Nikifika Kuresoi, nakuflash. Gunia zikijaa, nakuflash. Lori ikianza kuteremka, nakuflash. Na wewe lazima urudishe, hiyo ndio ilikuwa sheria yetu, mmoja akiflash mwingine anarudisha, na usiporudisha mimi naflash tena na tena mpaka urudishe. Hiyo sheria tutairudia, ina mambo yake.

Basi ukapeleka programu kwa hardware. Siku ya kwanza nikapita hapo mchana kujionea fahari. Mzee Jayesh alikuwa amesimama nyuma ya kompyuta, mikono kwa kiuno, hajakasirika, ameshangaa tu.

"Mama Mercy, kuja. Kuja uone muujiza."

"Muujiza gani, Mzee?"

"Mimi nauza simiti tangu asubuhi, na simiti nazidi. Nauza tano, naongezeka tano. Hii simiti yangu iko na mimba."

Karani alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Siku hiyo alijua hakuna programu itamfuta. Mimi pia nilicheka, unajua mimi siwezi kupita mzaha kama huo bila kuusalimia. Lakini Mzee akaacha kucheka kabla yangu, akasema pole pole, "Mama, wewe ni rafiki yangu. Viazi yako nzuri. Lakini Jumamosi hii kitu kama bado nazaa, mimi nachukua mtu wa Nairobi."

Nikakuja nyumbani nikiwa nimekasirika na wewe, nisikudanganye. Nilikuuliza mtu mzima na masomo yake anawezaje kujumlisha mahali pa kutoa. Wewe hukunijibu vibaya. Ulisema, "Mum, hapo ndio nilikuwa nikiandika simu ikalia. Niliporudi nilifikiri nimeshamaliza hiyo sehemu."

"Simu ya nani?"

Ukageuza simu kifudifudi. Halafu ukasema, "Ilikuwa wewe. Ulikuwa umefika Molo."

Mimi nikasema hiyo ni kisingizio. Flash ni sekunde moja, mtu hawezi kuharibikiwa na sekunde moja. Hivyo ndio nilisema, na nilikuwa naamini.

Kesho yake Mungu akaleta mvua, barabara ya kule juu ikawa uji, hakuna lori inapanda. Nikabaki nyumba. Hiyo ndio ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na wewe ukiwa kazini, tangu uanze. Unakumbuka vile nilikusumbua? Ulikuwa umekaa mbele ya hiyo kompyuta, mikono kwa mapaja, unaangalia tu. Hugusi kitu. Nikapika chai, nikarudi, bado unaangalia. Nikakunja nguo, bado. Nikaona heri niseme.

"Mercy, si uandike hata kidogo."

"Niko ndani, Mum."

"Ndani ya nini?"

"Ngoja."

Nikangoja. Halafu vidole vikaanza kwenda, vikaenda, na uso yako ikawa kama ya mtu anavuka mto akishikilia vitu vingi juu ya kichwa. Na hapo simu ikalia. Ilikuwa Mzee, anataka kujua kama mvua inafika kwa kompyuta. Ulimjibu vizuri, haikuchukua hata muda. Ukaweka simu chini, ukaangalia kioo ya kompyuta. Nikaona uso yako. Mtoto, nimeona huo uso mahali.

Unajua vile tunajaza gunia ya mukurino. Gunia yenyewe ikijaa si mwisho, hapo ndio kazi inaanza, unajenga kile kilemba juu ya mdomo ya gunia. Unapanga viazi kubwa kwa nje, moja inashikilia ingine, ndogo unaficha katikati, hakuna msumari, hakuna gundi, ni mikono yako tu inazuia huku na huku mpaka ufunge wavu na kamba. Kabla ya kamba huwezi kuachilia. Mtu akikuita hapo, "Mama Mercy, kuja kidogo," na wewe ugeuke kidogo tu, kilemba yote inateremka, viazi inaenda mpaka kwa miguu ya ng'ombe. Na yule mtu amekuita anasema, lakini nilikuita sekunde moja. Ni kweli. Alikuita sekunde moja. Lakini wewe hujengi kutoka hapo uliachia, unajenga kutoka chini.

Hiyo ndio uso niliona. Uso ya mtu anaangalia viazi zikiteremka. Na mimi nimekuwa nikikuita kutoka Molo, kutoka Kuresoi, kutoka kila mahali gari inasimama, na jioni nakuuliza mbona gunia haijajaa.

Sikukuambia pole hiyo siku. Nilinyoosha mkono nikasema, "Leta hiyo simu."

"Mum, Mzee akipiga?"

"Atapata mimi. Si mimi ndio nilimuuzia?"

Ile wiki nilifanya kazi ya ukarani na sijawahi kufurahia kazi kama hiyo. Natembea sokoni na simu mbili kwa aproni kama mtu wa maana sana. Simu yako ikilia nashika. Kuna mmoja anaitwa Dennis, akaanza, "Niaje mrembo." Nikamwambia mrembo ako kazini, huyu ni mathe yake, na kama unataka viazi iko, kama hutaki viazi sema shida yako. Alikata. Baadaye alipiga tena na adabu na kusema shikamoo, na mimi hapa Nakuru nani amewahi kuniambia shikamoo? Huyo kijana usimtupe haraka.

Mzee naye alikuwa akipiga namwambia, "Weka, Mzee. Jioni napita hapo, uniambie yote mara moja." Mara ya kwanza alinung'unika. Lakini jioni nikifika, naagiza anikalishe kwa ule mkebe wa rangi, namwambia haya, sema. Na unajua nini nilishangaa? Zile haraka za asubuhi, nusu yake amesahau. Anakuna kichwa. "Kulikuwa na kitu, mama. Kitu muhimu sana." Tunangoja. Haikuji. Basi imekufa yenyewe, hakuna mtu aliiua, na wewe hukuwahi kujua ilizaliwa. Mpaka ikawa akinipigia namuuliza, "Mzee, hii ni swali ama ni wasiwasi?" Anasema na sauti ya chini, "Hii wasiwasi." Namwambia basi wasiwasi tutakunywa na chai jioni.

Nisijisifu sana lakini. Kuna ile ya misumari. Mzee alinipigia kusema yeye huuza misumari kwa katoni na pia kwa kilo, na karani hupunja hapo hapo katikati. Mimi nikaona ni wasiwasi, nikatia mzaha, nikasahau kabisa mpaka siku mbili zikapita. Vile nilikuambia tukikula ulishika kichwa. Ukaniambia hiyo inabadilisha kila kitu, ilifaa ujue siku hiyo hiyo, na sasa lazima ubomoe. Kumbe kuna simu ya kelele na kuna simu ya kazi, na zinalia sauti moja. Kwa hivyo nisikudanganye ati zima dunia yote uwe mtawa. Huko Nairobi kuna mtu atakuwa anajua kitu ya misumari, na lazima kuwe na saa yake ya kukupata, na ajue hiyo saa. Saa hiyo ukiwa hapo uwe hapo, umsikilize mpaka amalize, usimjibu ukiangalia kioo. Hiyo ndio nilikosea, nilikuwa mlango ngumu kuliko vile ilifaa.

Ulibomoa, ukajenga, Jumamosi simiti ikaacha kuzaa. Mzee aliuza mfuko moja kwa majaribio, akainunua mwenyewe, akaona imepungua moja, akasema, "Sasa hii iko na akili." Na ndio akampigia mpwa wake.

Sasa ile sheria ya flash. Nilisema tutairudia, na nimekuwa nikizunguka nayo kwa sababu haina mzaha mwingi.

Katikati ya ile wiki nilipanda Kuresoi, barabara imekauka kidogo. Vile tumefika kwa Mama Chelagat nikatoa simu yangu, nikakuflash, bila kufikiria, kama mtu anajikuna. Na aproni yangu ikaanza kulia. Nikaingiza mkono nikatoa simu yako, nikaangalia kioo. Imeandikwa Mum. Mum anapiga.

Mama Chelagat alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Mercy, unajitafuta?" Nami nikacheka, tukacheka sisi wawili hapo kwa mlango wa stoo, halafu mimi sikuweza kumaliza ile kicheko vizuri. Yeye akaacha kucheka, kwa sababu anajua hiyo stoo na mimi tulijuana aje.

Wewe pia unajua, lakini hatujawahi kuongea. Mwanzo wa mwaka huu, wakati wa ile fujo ya kura, hiyo ndio stoo alinificha. Nyuma ya viazi zake mwenyewe, na juu ya mimi gunia tupu. Watu walikuja wakamuuliza kama kuna mgeni, akawaambia mgeni gani, nyinyi hamnioni nikipanga mbegu? Na watu hao walikuwa majirani zake, aliwajua majina. Kredit haikuwa inapatikana popote, mimi nilikuwa na kidogo tu imebaki, siwezi kuongea. Ndio nikakuflash. Na wewe huko Nakuru, umejifungia, moshi inaonekana kwa dirisha, ukarudisha. Hatukuwa tumeelewana kitu. Lakini mimi nilijua imesema niko, na wewe ulijua imesema niko. Siku zile zote hiyo ndio ilikuwa chakula yangu. Simu ikitetemeka kwa kifua chini ya gunia, najua mtoto ako hai. Mama Chelagat alikuwa anaichaji kwa betri ya redio yake, na redio yenyewe akaikosa.

Halafu mambo yakatulia, nikarudi nyumbani, watu wakarudi sokoni. Lakini mimi nilibaki hapo chini ya gunia, Mercy. Miezi imeenda, tumeuza viazi, tumecheka, na kila mahali gari inasimama bado nilikuwa nauliza uko hai? Uko hai? Na wewe ulikuwa unajibu kila mara, hata kama kilemba yote ya kichwa chako inateremka, kwa sababu unajua nauliza nini. Hukuwahi kuniambia Mum inatosha. Mtoto mwingine angesema. Wewe ulirudisha tu, ukaanza kujenga tena kutoka chini.

Kwa hivyo hapo kwa Mama Chelagat, na simu mbili kwa mikono, moja inapiga na ingine inapigwa, nikaona hii simu nilikuwa najipigia mwenyewe tangu mwezi wa pili.

Sikuambii hivyo ndio ukose usingizi. Nakuambia kwa sababu huko unaenda ni ofisi ya watu wengi, na kila mtu ako na simu, na kompyuta yenyewe nayo inaleta barua kila dakika, mpwa wa Mzee aliniambia hivyo akijivuna, ati kwao hakuna kitu inangoja. Nilitaka kumuuliza na misumari je, lakini nikakumbuka anakuajiri. Watu watakuita. Wengi watakuwa na sababu ndogo, na usiwachukie, kwa sababu mtu akikuita kwa kitu ndogo mara nyingi ni kitu kubwa anaogopa. Karani aliogopa kufutwa. Mzee aliogopa kuibiwa. Mimi unajua niliogopa nini. Wape saa yao, uwajibu na roho nzuri. Lakini ukiwa ndani, ubaki ndani mpaka ufunge kamba. Na mtu akiona umekaa mikono kwa mapaja akuulize mbona huandiki, mwambie angoje, na usione haya. Mimi mamako nilingoja, na nikaona.

Sasa sisi wawili. Hii wiki yote, nimekuwa nikikuambia uzime simu ukikaa kwa kompyuta, eti uzoee. Si wewe nilikuwa nazoesha. Jumatatu nilikuwa sokoni, nikakupigia makusudi, nikijua umezima. Nikasikia yule mama wa kwenye mtambo na sauti yake safi, ati mteja hapatikani kwa sasa. Mercy, hayo maneno mara ya mwisho niliyasikia nikiwa kwa ile stoo, siku betri yako iliisha. Nilikaa kwa gunia, mteja wangu akaniuliza, mathe, uko sawa? Nikamwambia ni jua, na hakukuwa na jua.

Jumanne nikapiga tena. Nilibaki nimesimama, lakini viazi nilipima vibaya, yule mwanamke alienda na kilo ya bure na sidhani atarudisha.

Leo asubuhi, kabla uende saluni, si ulikuwa umejifungia unamalizia ile kitu ya Mzee? Nilikuwa pale kwa duka nikapiga. Mteja hapatikani kwa sasa. Nikamwambia yule mama, ndio, najua, ako kazini. Nikasema kwa sauti, mpaka mwenye duka akageuka. Halafu nikaweka simu kwa aproni na nikamwambia anipatie sukari.

Kesho ukishuka Nairobi niflash mara moja, hiyo siachilii, na usiniambie nimeanza. Baada ya hapo mimi pengine nitakuflash tu, mkono umezoea. Usinijibu. Utanipigia Jumapili na tutaongea mpaka kredit iishe. Siku zingine zima simu, ukae ndani, ujenge. Mimi nitapiga, nitaambiwa hupatikani, nami nitaendelea kuuza viazi.

Ni mimi mamako,
Mama Mercy